Kusoma Kiingereza Uvira: jibu nililompa mjomba



Juma moja lililopita niliitwa kwa mjomba, kule Mulongwe. Nilipofika nikakuta viti vimepangwa uwanjani, mama mkubwa yupo, baba mdogo yupo, nikajua hii si salamu, ni kikao. Binti wa mjomba amefaulu mtihani wa Serikali na anataka kuandikishwa Kiingereza. Mjomba hataki. Alisema maneno ambayo kila mmoja wetu aliyepita katika idara ile ameyasikia: "Kingereza ni luga tu. Aende ku centre miezi sita, kule Bujumbura, atarudi anaongea. Halafu feza yangu niilipie kitu ya maana, afya ao sheria." Kisha akanigeukia. Kumbe mimi njo nilikuwa shahidi wake. Nilisoma Kiingereza, nikamaliza, na mjomba anakumbuka vizuri kwamba mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilikuwa bado ninakula bugali kwake. Alitaraji niseme, "Mjomba, uko na haki."

Sikusema hivyo, wala sikumpinga mbele ya watu. Niliomba siku tatu. Haya ninayoandika ndiyo niliyorudi kumwambia. Nimeyapanua kidogo, maana najua kuanzia Kiliba mpaka Baraka ziko nyumba nyingi zenye kikao kama kile.

Nianze pale ambapo mjomba ana haki kweli. Mtu anayetaka kuongea tu, aende centre. Nasema wazi, hata kama walimu wangu hawatafurahi. Miezi sita ya centre nzuri itamfundisha kusalimia, kujieleza, kuuliza bei, kuandika barua fupi ya kuomba kazi. Nimekutana na vijana wanaouza simu pale Kavimvira wanaoongea Kiingereza haraka kuliko mimi nilipokuwa mwaka wa pili, na nilipata haya. Chuo hakikimbizani na centre kwa mbio hizo. Wengi wanaoingia idara ya Kiingereza wakifikiri ni centre ndefu ya miaka mitatu, wanakata tamaa kabla ya sesheni ya kwanza, kwa sababu wanakuta somo la kwanza si kuongea, ni kuuliza jinsi mdomo unavyofanya kazi.

Mwendesha moto wetu wa Kimanga anajua kuendesha. Anapita kwenye mashimo ambayo mimi ningeanguka. Lakini siku moto inapokataa kuwaka anaisukuma mpaka kwa fundi. Fundi pengine haendeshi vizuri kama yeye, ila anajua kwa nini haiwaki. Tofauti ya centre na chuo iko pale. Na kama hauna hamu ya kujua kwa nini haiwaki, miaka mitatu itakuwa mirefu sana.

Sasa, chuo chenyewe kinafundisha nini? Huku kwetu masomo haya yanapatikana hasa katika ISP, yaani vyuo vya juu vya ualimu, na katika ISP kadhaa, ya Bukavu ikiwamo, idara imejulikana kwa jina refu: Kiingereza na Utamaduni wa Kiafrika. Watu hulipita haraka lile neno la mwisho, lakini lina kazi yake. Pamoja na Kiingereza utakutana na isimu ya lugha za Kiafrika na fasihi simulizi, na kwa sababu ISP inatengeneza walimu, utasoma saikolojia, pedagojia na njia za kufundisha. Katika vyuo vikuu kama cha Lubumbashi, Kiingereza kiko katika kitivo cha lugha na fasihi, na mzigo wa ualimu ni mwepesi zaidi. Anayejua tayari kwamba hataki kusimama mbele ya ubao ajiulize kabla ya kuchagua.

Kuhusu miaka, wadogo zetu wanachanganyikiwa, na si kosa lao. Sisi tulisoma kwa mtindo wa zamani: miaka 3 ya gradua, kisha miaka 2 ya lisanse kwa mwenye uwezo. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 nchi imeingia katika mtindo wa LMD: lisanse ni miaka 3, mihula 6, kredite 180, halafu masta miaka 2. Neno ni lile lile, miaka si ile ile. Mzee akikuambia "mimi ni lisansie" anasema miaka 5 ya shule, wewe ukisema hivyo unasema 3. Siku ya kutafuta kazi mweleze mwajiri vizuri, kwa sababu wengine wenye umri mkubwa bado wanahesabu kizamani.

Mwaka wa kwanza ulinipiga kwa matamshi. Kiswahili kina irabu 5. Kiingereza cha Uingereza, kwa hesabu ya kawaida ya vitabu vya fonetiki, kina irabu 20 ukichanganya na zile zinazoteleza kutoka moja kwenda nyingine. Maana yake, masikio yetu yanazitia sauti nne za kule ndani ya chungu kimoja cha huku. Mwalimu alikuwa anasema "ship" na "sheep", meli na kondoo, na sisi wote tunaandika neno moja. Mimi mtoto wa Kalundu, niliyekua nikitazama mashua zikipakuliwa, nilisimama mbele ya darasa nikasema kwamba kondoo kubwa imefika bandarini kutoka Kigoma. Walicheka mpaka mwalimu akatoka nje kidogo. Lakini pale ndipo nilipoanza kusikia. Na wenzetu waliokulia katika Kifuliiru, Kivira au Kibembe walikuwa na kitu ambacho hawakujua wanacho: masikio yaliyozoea neno kubadilika maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Katika kusikiliza walitutangulia sisi tuliojivunia Kifaransa.

Kuhusu Kifaransa, hapo nina jambo ambalo ningependa mwalimu yeyote wa humanite alisome mara mbili. Tumefundishwa Kiingereza kwa kupitia Kifaransa. Sentensi inazaliwa kwa Kiswahili, inavaa Kifaransa, ndipo inatoka kwa Kiingereza, na njiani inapata ajali. Tunaona "library" tunafikiri ni duka la vitabu, kumbe ni maktaba. Tunaona "actually" tunasema "sasa hivi", kumbe ni "kwa kweli". Ajali kubwa kuliko zote iko katika nyakati za kitenzi. Mfaransa anatumia umbo moja kusema amefika na kusema alifika jana. Kwa hiyo mwanafunzi wetu anaandika "I have arrived yesterday", anapata sifuri, na haelewi kosa. Lakini yeye mwenyewe, kwa Kiswahili cha huku kando ya ziwa, hawezi kusema "nimefika jana". Atasema "nilifika jana", na "nimefika" ataiweka kwa jambo ambalo alama yake bado ipo. Mwingereza anatenganisha vile vile, karibu sawasawa. Yaani lugha ya nyumbani ilikuwa na jibu, tukaiacha mlangoni tukaenda kuliomba kwa jirani asiyekuwa nalo. Nilipogundua hilo mwaka wa pili nilikasirika kabisa. Leo nikifundisha somo lile ninaanza na "nimefika" na "nilifika", na linaisha kwa saa moja.

Mambo mengine nayapita: sarufi, utungaji, msamiati, historia ya Uingereza na Marekani, elimu ya uraia, informatika ambayo siku hizo tuliisoma ubaoni bila kompyuta. Silabusi zilikuwa za kununua na vitabu vilikuwa vichache. Riwaya moja ilikuwa inazunguka wanafunzi thelathini, na mimi niliipata usiku wa Alhamisi kwa sababu herufi ya jina langu iko mwishoni. Ndivyo nilivyosoma, kwa tochi ya simu.

Lakini fasihi, wandugu, fasihi ndiyo iliyofanya nibaki.

Mtu wa nje anafikiri fasihi ya Kiingereza ni Shakespeare na mvua ya London. Kumbe Congo yetu iko ndani, na haiko vizuri. Joseph Conrad alikuja mwaka 1890, akapanda na meli ndogo inayoitwa Roi des Belges juu ya mto Congo, na mwaka 1899 akatoa Heart of Darkness gazetini. Hadithi ile imesomwa na vizazi vya wanafunzi duniani, na wengi hawakusoma kitu kingine chochote juu ya nchi yetu. Mwalimu alipotupa ile riwaya, mwenzetu mmoja kutoka Fizi aliuliza: "Mule ndani Mukongomani anasema maneno ngapi?" Tukahesabu. Mistari michache sana. Nchi yetu, mto wetu, vifo vyetu, na sisi hatuongei. Kisha tukasoma jinsi Chinua Achebe alivyosimama katika chuo kikuu kimoja cha Massachusetts, Marekani, mwaka 1975, akasema hadharani kwamba kitabu kile kina ubaguzi wa rangi. Darasa liligawanyika. Wengine walisema Conrad alishutumu wizi wa wakoloni, tumshukuru. Wengine wakasema mtu anaweza kumlaumu mwizi wa nyumba yako na bado akakuona wewe kama samani ya nyumba. Mimi nilikuwa upande huu wa pili, na bado niko. Mtihani haukuuliza nani ana haki. Uliuliza: onyesha kwa maneno ya kitabu chenyewe. Kazi ni ile. Ukisema jambo, uweke kidole kwenye mstari.

Na ninyi mnaodhani Kiingereza kitawaondoa katika Kiswahili, tazameni njia zinavyorudi. Riwaya ya Achebe ya mwaka 1958, Things Fall Apart, ilitafsiriwa na Clement Ndulute mwaka 1973 ikaitwa Shujaa Okonkwo. Nyerere, akiwa kiongozi wa nchi, alikaa chini akatafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, ikatoka mwaka 1963. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2021, aliandika kwa Kiingereza juu ya msafara unaotoka pwani kuja bara, upande wetu huu, na riwaya ile ilirudi nyumbani mwaka 2022 kwa jina la Peponi, ikiwa imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Watu wote hao walihitaji kujua lugha mbili mpaka kwenye mfupa. Centre haifiki pale.

Sasa niwaambie juu ya TFC yangu, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kitu nilichokuja kukilipia baadaye.

Nilikuwa natafuta somo, na sikutaka kuandika kwa mara ya mia moja juu ya makosa ya wanafunzi katika vihusishi. Siku moja katika cyber nikaandika jina la mji wetu kwenye kompyuta, na pakatokea kitabu cha Richard Burton cha mwaka 1860, juu ya safari yake katika nchi za maziwa. Uvira imo! Burton na mwenzake John Speke walifika hapa Aprili 1858, kwa mitumbwi, wakitokea Ujiji. Burton alikuwa na vidonda vya ulimi, kusema kunamshinda. Speke alikuwa anaumwa macho, na sikio lake moja lilikuwa limeharibiwa na mdudu aliyeingia ndani. Mmoja hawezi kusema vizuri, mwingine hasikii vizuri, na hao ndio waliokuja kuuliza swali ambalo Ulaya nzima ilikuwa inalingojea: mto Ruzizi unatoka ziwani, au unaingia ziwani? Kama unatoka kwenda kaskazini, basi pengine ni mwanzo wa mto Nile, na wao watakuwa watu wakubwa.

Mtoto yeyote wa Kavimvira angewajibu bila kuacha mchezo wake. Ruzizi unatoka ziwa Kivu, unaingia Tanganyika. Na kweli, wana wa mtawala wa hapa waliwajibu hivyo hivyo: unaingia. Burton anaandika kwamba moyo wake uliumia. Lakini kilichonifanya nisilale ni jambo dogo lililo pembeni. Walikuwa wamekuja na matumaini kwa sababu mwezi mmoja kabla, ng'ambo ya ziwa, mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Hamed bin Sulayyim alikuwa amemweleza Speke habari za mto wa kaskazini, na Speke akaelewa kwamba unatoka. Sasa walipokuwa Uvira, Sidi Mubarak Bombay, mkalimani wao, ndiye aliyesema kwamba Speke hakuelewa vizuri: sheikh alisema mto unaingia, si unatoka. Speke na Bombay walikuwa wanaongea Kihindustani, lugha ambayo haikuwa ya mmoja wao kwa kuzaliwa. Fikirini: neno moja, kutoka au kuingia, limepita katika lugha mbili tatu, na wanaume wamepiga makasia siku nyingi juu ya kosa lake. Hata pale hawakufika mdomoni mwa mto kuona, wapiga makasia walikataa kuendelea. Mpaka Novemba 1871 ndipo Stanley na Livingstone walipokuja kwa mtumbwi wakaona kwa macho: unaingia.

Siku ya kutetea, mmoja wa walimu aliniuliza kama hii ni fasihi ama ni jografia. Nikajibu ni tafsiri. Walinipa alama za kutosha, si nyingi. Nikafikiri nimeelewa.

Miaka miwili baadaye, maji ya ziwa yalipopanda na watu wa nyumba za ufukweni wakahama, shirika moja lilileta mgeni asiyejua Kifaransa wala Kiswahili. Walinichukua kama mkalimani kwa siku mbili. Nilivaa shati la harusi ya kaka yangu. Tulikaa chini ya hema, akina mama wanakuja mmoja mmoja, wanaeleza, mimi natafsiri, mgeni anaandika katika kompyuta. Kulikuwa na safu za kujaza: watu wangapi nyumbani, mjane au hapana, wagonjwa, na kadhalika. Nilikuwa natafsiri haraka, najisikia mtu. Mama mmoja, wa umri wa mama yangu, aliulizwa juu ya baba ya watoto. Akasema polepole: "Baba yao alitutoka." Nikasema kwa Kiingereza: "He left us." Mgeni akaandika, tukaendelea na mwingine.

Jioni nilikuwa nyumbani, nimeshika kijiko cha ndagala, ndipo neno lilinirudia. Alitutoka. Wote wanaosoma hapa wanajua mama yule alisema nini. Mume wake alikufa. Mimi nilimwambia mgeni kwamba mume amewaacha akaenda zake. Hakuandikwa mjane, aliandikwa mke aliyeachwa, na safu ile ya wajane ndiyo iliyokuwa inahesabiwa kwanza katika misaada.

Nilichukua moto usiku ule, nikaenda mpaka alipolala mgeni, nikaomba aitwe. Nilimwambia kosa ni langu, si la mama. Hakunigombeza. Alifungua kompyuta tukapitia majina yote ya siku ile, na tukakuta nilikuwa nimesema vile mara tatu. Kesho yake asubuhi kabla ya kazi nilienda kutafuta akina mama wale watatu. Wawili niliwapata, wote ni wajane, mistari yao ikarekebishwa. Wa tatu alikuwa ameshaondoka alfajiri na watoto kwenda kwa ndugu zake upande wa Sange, na hakuna aliyekuwa na namba yake. Pengine yeye kweli aliachwa. Pengine ni mjane. Mstari wake ulibaki kama nilivyousema.

Nilimweleza mjomba habari hii, na ilikuwa mara ya kwanza kuitoa mdomoni nyumbani. Alinyamaza, kisha akasema jambo ambalo sikulingojea: "Sasa hiyo chuo ilikusaidia nini, kama ulikosea?" Swali zuri. Nilimjibu kwamba wale vijana wa Kavimvira wanaoongea haraka wangekosea kama mimi. Sina hakika kama wangeamka mezani. Miaka ile ya kuweka kidole kwenye mstari, na Bombay wangu wa mwaka 1858, ndivyo vilivyofanya neno lile linirudie. Lakini sikumficha pia kwamba hakuna somo hata moja lililonifundisha kutafsiri mtu anayelia. Tulifundishwa kutafsiri aya za vitabu, kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza na kurudi. Kiswahili hakikuwamo kabisa katika somo la tafsiri. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja kati ya lugha nne za taifa, na hapa Uvira ndiyo lugha ambayo watu wanasemea shida zao. Kama ningepewa idara leo, ningeanza kurekebisha pale.

Tufike kwenye feza, maana mjomba alikuwa anangojea hapo tangu mwanzo. Kazi ya kwanza ya mwenye diploma hii ni kufundisha, na kufundisha kwetu mnakujua. Darasa la watoto sitini na zaidi, kitabu kimoja cha mwalimu. Mwalimu mpya anaitwa NU, hana namba ya Serikali, anangojea mishahara ambayo inaweza kuchukua miaka, na katika sekondari anaishi kwa kile wazazi wanachochanga. Mimi niliishi hivyo. Elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 ni ya shule ya msingi, haikugusa madarasa yangu. Asiyekuwa na mtu wa kumpa chakula katika kipindi kile, ajipange kabla.

Lakini milango mingine imeongezeka tangu siku zangu. Nchi yetu ilitia sahihi mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Aprili 2022, na ikawa mwanachama kamili Julai mwaka ule. Mkataba wenyewe, wa mwaka 1999, uliandikwa kwa Kiingereza na kukiweka kama lugha rasmi ya Jumuiya. Burundi waliingia mwaka 2007, na wenzetu wa ng'ambo ya mpaka wametutangulia kwa miaka 15 kuzoea karatasi hizo. Mizigo inayoshuka Kalundu imetoka bandari ya Dar es Salaam, ikapita Kigoma, na sehemu ya karatasi zake imeandikwa Kiingereza. Mwenzangu mmoja wa promosheni aliacha chaki, anafanya kazi na mtu wa forodha pale bandarini. Anasoma karatasi zile mstari kwa mstari kabla hazijatiwa muhuri, na siku moja alikuta uzito wa saruji umeandikwa kwa kipimo kingine kabisa. Anakula vizuri kuliko mimi. Wengine wako kwenye mashirika, kule Lusenda kwenye kambi ya wakimbizi wa Burundi, wengine wanafundisha ng'ambo. Na wengine wamekaa nyumbani, niseme ukweli, wana diploma ndani ya plastiki juu ya kabati.

Kuna jambo moja nililomwambia mdogo wangu mwenyewe, pembeni, mjomba akiwa ameenda kuosha mikono. Nilimuuliza kwa nini anataka Kiingereza. Kama angesema "ili niende Amerika," ningemwambia aende centre. Alisema tangu darasa la tatu la humanite anaandika maneno mapya katika daftari, na anakasirika mwalimu akisema "hivyo ndivyo ilivyo" bila kutoa sababu. Akanionyesha daftari. Katika ukurasa mmoja alikuwa ameandika "borrow" na "lend", na chini yake: kwa nini sisi tuko na neno moja, kukopa, na kukopesha inatoka ndani yake, na wao wako na mawili? Hakuna aliyemfundisha kuuliza vile.

Mjomba alirudi, akakaa, akauliza minervali inalipwa mara ngapi kwa mwaka. Nikamwambia inawezekana kulipa kwa sehemu, sehemu ya kwanza kabla ya masomo kuanza, na gharama inayosahaulika ni silabusi na usafiri. Silabusi zangu bado ziko, nimezifunga katika sanduku, panya wamekula fonetiki peke yake. Akahesabu kwa vidole. Akasema mpunga wake wa Luberizi unavunwa hivi karibuni, na kwamba hajasema ndiyo.

Binti tayari ameanza kunakili ile fonetiki upya, kurasa zilizoliwa anaziacha wazi ili mimi nizijaze.